Blanketi la Udongo

Watu wa Malaba wakikwambia kwamba mimi, Wesonga, niliahidi kugawa blanketi za serikali, usiwaamini. Sikuahidi. Nilitafsiri. Asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili hajawahi kusimama kati ya watu wenye lugha mbili, wote wanakutazama mdomoni, na wewe una mdomo mmoja tu.

Ilikuwa mwaka 1966, mwezi wa tano, mahindi yamefika magotini na palizi ya kwanza imeanza. Nilikuwa karani wa chifu na mkalimani wake. Kwa kabila mimi ni Mluhya, lakini nililelewa katikati ya Wateso, na Kiteso ninakizungumza hadi kile cha kugombana. Kiingereza nilikipata kwa mapadri nikaishia darasa la nane. Nafasi ya naibu chifu ilikuwa wazi, na majina mawili yalikuwa mezani kwa Bwana D.O., afisa wa tarafa: langu na la Ongodia, mstaafu wa reli aliyekuwa na sauti kubwa kuliko akili yake. Niliitaka kazi ile. Sioni haya kusema. Mke wangu Selpha alikuwa ameshasogeza kabati ili apate mahali pa kuweka kiti cha naibu chifu, na kiti chenyewe hatukuwa nacho.

Basi siku ya baraza akaja Bwana Etyang, mtaalamu wa udongo. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, wa Mama Aluka anayekaa nyuma ya stesheni. Alikuwa amesoma Ulaya miaka sita, akarudi na tai, miwani na chati. Bwana D.O. alikuwa mtu wa mbali asiyejua Kiteso, kwa hiyo Etyang akahutubia kwa Kiingereza, nami nikasimama kando kumtafsiria kwa watu aliooga nao mtoni akiwa mdogo. Mama yake alikuwa ameketi mbele kabisa kwenye nyasi, amevaa gauni la kanisani.

Etyang alisema mahindi haya mapya yanakula sana, na udongo tunaouacha wazi kati ya mistari unachomwa na jua, kisha mvua inaubeba hadi mtoni. Dawa yake ni kupanda kitu kifupi chini ya mahindi, kitambae, kifunike ardhi, na mizizi yake irudishe rutuba. Kitu hicho alikitaja kwa jina la Kiingereza lenye mabehewa mengi, halafu kwa la Kilatini lenye mengi zaidi. Kisha akafunua chati. Chini ya mahindi palichorwa majani, matatu matatu kwenye kikonyo kimoja.

Lile jani nililijua. Kila aliyekuwa pale alilijua, maana wengi walikuwa wamelila jana yake. Ilikuwa kunde, au eboo, kama Wateso wanavyoiita.

Neno lile sikulitamka, na sababu yake ni hii. Mwaka 1956 alipita huku bwana shamba Mzungu na amri yake: mahindi yapandwe peke yake, kwa mstari, pasiwe na kunde wala maharagwe katikati. Kuchanganya, alisema, ni kilimo cha watu wasiostaarabika. Mimi nilikuwa kijana wake wa kushika kamba na vigingi. Shamba la kwanza likawa la Mama Aluka. Lilikuwa na mistari saba ya kunde iliyokwisha kutoa maua, na yote niliing'oa kwa mikono yangu, mwenyewe akiwa amesimama pembeni na ungo wa kuchumia mboga. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa watoto watakula ugali na nini?" Nikamjibu kwamba hilo si swali la kilimo. Kwa bidii hiyo nilizawadiwa koti la mvua, na ndilo nililovaa barazani siku ile ingawa jua lilikuwa linawaka, kwa kuwa sikuwa na vazi jingine la heshima.

Sasa niambie, ningelitamka vipi neno kunde mbele ya wale watu, nimevaa koti lile? Ongodia angekuwa naibu chifu kabla sijamaliza sentensi.

Nikamtazama Etyang. Ndipo nikagundua kwamba na yeye halitaji. Kunde ina jina fupi la Kiingereza, tulifundishwa shuleni, lakini yeye alikuwa analizunguka kwa mbali. Kanisa zima lilikuwa limechanga kuku na mayai ili aende Ulaya. Leo arudi na miwani amwambie mama yake apande kunde? Macho yetu yakakutana. Tulikuwa wawili tunalikimbia neno moja. Akasema haraka kwa Kiingereza kwamba udongo ufunikwe vile mama anavyomfunika mtoto kwa blanketi, nami nikakamata hapo hapo.

"Serikali imeona kwamba mashamba yetu yanalala uchi," nikawaambia watu kwa Kiteso. "Inataka kila shamba lipate blanketi."

Makofi yakapigwa mpaka kuku wa chifu wakakimbia. Bwana D.O. alilisikia neno blanketi kinywani mwangu, akaridhika kwamba ninatafsiri neno kwa neno. Mzee mmoja akasimama kuuliza ni blanketi ngapi kwa ekari. Etyang, ambaye swali alilielewa kabla sijafungua mdomo, akatazama viatu vyake, akajibu kwa Kiingereza kwamba inategemea nafasi kati ya mistari.

"Inategemea," nikatafsiri.

Mama Aluka peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ile chati.

Kesho yake nilipofika ofisini nilikuta watu wamejipanga hadi barabarani. Kila mmoja alitaka kuandikwa. Wengine walitaja mashamba, wengine walitaja vitanda. Hata wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya daraja, upande wa Uganda, walikuwepo.

"Ssebo, na sisi andika," mmoja akaniambia, akiniita bwana kwa Kiganda chake. "Hata Tororo baridi iko."

Nilijaribu kueleza kwamba ule ulikuwa mfano. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakaniambia niandike tu. Nami nikaona kuandika ni rahisi kuliko kueleza. Kufika adhuhuri daftari lilikuwa limejaa kurasa sita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua siku nne tu, mpaka siku ya soko.

Siku hiyo Ongodia alisimama mbele ya Landrova ya Bwana D.O., akainua mkono wa kusimamisha gari moshi.

"Bwana D.O., hii mablanketi karani aliandika iko wapi? Mama yangu ni mzee, analala na gunia!"

Mama yake alikuwa amefariki tangu mwaka wa nzige, na Ongodia mwenyewe alijua kabisa kilichosemwa barazani. Lakini umati ulikuwa nyuma yake, na kila mtu akawa anamtajia Bwana D.O. idadi ya vitanda vyake. Bwana D.O. akaliomba daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniita kando.

"Wesonga, mimi natafuta naibu chifu. Sitafuti mchekeshaji. Alhamisi nitakuja na Bwana Etyang, tuwaonyeshe watu hiyo mimea yenyewe kwenye shamba lenyewe. Wewe utatafsiri. Ukipotosha tena hata neno moja, jina lako nalikata."

Sasa hilo shamba lingetoka wapi? Tulikuwa na miaka kumi ya mahindi peke yake, kunde tulizokula zilikuwa zile za kusimama za bustani za nyumbani, na mbegu ya ile aina inayotambaa ilikuwa imepotea. Jioni Etyang alikuja kwangu bila tai. Kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimsikia akisema Kiteso.

"Ni kwa mama tu," alisema. "Kila mwaka alikuwa anapanda kidogo nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo bwana shamba hawezi kukanyaga na viatu vyake. Msimu huu amezirudisha shambani."

"Umemwambia tutakuja?"

"Nilidhani utamwambia wewe," akasema.

Alhamisi tukaenda, sisi na umati wote uliokuwa bado na matumaini ya blanketi. Shamba la Mama Aluka lilikuwa zuri, sina budi kusema. Chini ya mahindi usingeona ardhi. Kunde zilikuwa zimetambaa zikashikana kila upande. Bwana D.O. akachomeka fimbo yake katikati ya majani, ikaingia bila taabu, na udongo uliotoka nayo ulikuwa mweusi na wenye unyevu. Shamba la jirani, lile la mistari mitupu, lilikuwa limepasuka nyufa za kuingiza kidole. Bwana D.O. akafurahi sana. Mama Aluka alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba na jembe lake.

"Muulize huyu mama amejifunza wapi," Bwana D.O. akaniambia kwa Kiswahili. Etyang akafungua daftari ili aandike jibu la mama yake mzazi.

Nikamuuliza. Hakunitazama usoni, alilitazama koti.

"Mwambie nilifundishwa na mama yangu," alisema kwa Kiteso, taratibu, ili nisipitwe. "Mwambie miaka kumi iliyopita serikali ilimtuma kijana akaing'oa mistari yangu saba, na watoto wangu wakala ugali na chumvi mpaka msimu mwingine. Huyu mwenye kalamu alikuwa mmoja wao. Mwambie kijana mwenyewe ndiye huyu anayekutafsiria, na koti alilopewa ni hili."

Watu wakageuka kunitazama. Wote walijua Kiteso, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na jina langu mfukoni. Ongodia alikuwa anatabasamu.

Ningeweza kuyapinda maneno yale. Nilikuwa fundi wa kupinda, na nilikuwa nimeshapata hata sentensi: anashukuru, anasema alifundishwa na mababu, basi. Lakini nilishikwa na aibu. Sisemi ile aibu ya kufumaniwa, hiyo nilikuwa nimeizoea wiki nzima. Nilikumbuka zile kunde mikononi mwangu, laini, na maua yake ya zambarau, na jinsi nilivyokuwa nikizirusha kwenye njia bila hata kutazama zinaangukia wapi. Nikaiona kazi ya unaibu chifu ikienda zake, nikaiacha iende. Nikatafsiri. Sikuacha mstari hata mmoja, wala ile chumvi, wala koti. Ilikuwa tafsiri safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Bwana D.O. akafura kwa hasira.

"Umeanza tena? Mama mzee tumemletea wageni shambani kwake, asimame hapa kuitukana serikali? Halafu eti ni wewe uling'oa? Wewe Wesonga, hata kwa kusingizia unajitafutia sifa!" Akamgeukia Etyang, akaingia kwenye Kiingereza. Alimuuliza mama amesema nini hasa.

Etyang akavua miwani, akaifuta kwa tai. Mama yake alikuwa anamtazama mdomoni. Akavaa miwani tena, akajibu kwa Kiingereza kizuri sana kwamba mama anaishukuru idara kwa kumletea ujuzi huu mpya, aliojifunza barazani wiki iliyopita.

"Hayo sasa ndiyo yanaeleweka," akasema Bwana D.O. Akaandika. Hakuna aliyemuuliza ni kunde gani duniani zinazofunika shamba zima kwa wiki moja. Kisha akaweka karatasi yake juu ya boneti ya Landrova na kulikata jina langu kwa mistari miwili. Ongodia alipata kiti mwezi uliofuata. Mimi nilipata jina la Blanketi, na hadi leo sokoni Malaba ukiuliza Wesonga hakuna atakayekuonyesha nyumba.

Lakini pale shambani bado kulikuwa na jambo moja. Mama Aluka alinivuta mkono wa koti.

"Mwanangu amesema nini?"

Kiingereza tulikijua watu watatu tu pale, na mmoja alikuwa ameshaingia garini. Nikamtazama Etyang. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya baraza, uso wa mtu anayeomba. Nilitaka sana kumwambia yule mama ukweli. Nilikuwa na hasira ya kutosha, na haki nilikuwa nayo. Ningemaliza kwa maneno kumi. Kisha nikamtazama mama mwenyewe, alivyokuwa ameshika jembe kwa mikono miwili akisubiri.

"Amesema yote uliyosema ni kweli," nikamwambia kwa Kiteso. "Amesema serikali ilikosea, na yeye kwa niaba yake anakuomba radhi."

Etyang alilisikia kila neno. Akainamisha kichwa na hakukiinua. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, kisha akajifuta macho kwa pindo la gauni. Akaingia nyumbani, akatoka na kibuyu, akafungua mfuko wa koti langu na kumimina humo mbegu za kunde mpaka mfuko ukawa mzito.

"Nenda ukapande," alisema. "Mistari saba. Leo umetafsiri vizuri, Wesonga."

"Eyalama, toto," nikamwambia. Asante, mama. Sikuwa na neno jingine lililobaki, katika lugha zangu zote.