Kiti Kinachotazama Nyuma

Mume wangu na kaka yangu wana ugonjwa mmoja: kila mmoja anadhani mwenzake anasoma mawazo. Nimeishi katikati yao muda wa kutosha kujua kwamba hakuna anayeweza kusoma hata uso wa kuku.

Boti yao tunaiita Kitanda. Ni mapipa mawili marefu ya bati yaliyozibwa ncha zote, na juu yake mbao zimepangwa kama chaga. Kila Jumamosi waliishusha bwawani. Kaka alikaa katikati kwenye kibao chake, akapiga makasia. Mume wangu alikaa nyuma, akakokota ndoano. Mpiga makasia huipa mgongo safari, kwa hiyo miaka yote walivua wakitazamana, wakibishana kuhusu mpira, siasa na chumvi ninayotia mimi kwenye mchuzi.

Kaka ni fundi paa. Mvua za mwaka jana alianguka kutoka paa la ghala, bega la kulia likavunjika, na lilipounga likaunga vibaya. Kazi ya kupaua ikaishia hapo. Kilichobaki kwake ni Jumamosi na yale makasia, ambayo aliyapiga kwa mkono mmoja na nusu, ameuma meno. Siku nyingine zote alikaa kibarazani akinoa misumeno ambayo haikuwa na cha kukata. Iliniuma kumpitia pale na kumsalimu kana kwamba yote ni heri.

Basi siku moja mume wangu, ambaye riziki yake ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, akaja na mota ndogo ya umeme ya boti: mti mrefu wenye panga la kusukumia maji upande wa chini na mkono wa kuongozea juu. Aliibeba kama mtu aliyepewa mtoto. Kitanda kilikuwa uani juu ya matofali, mbele ya dirisha ninaposhonea, nikaona kila kitu. Alipachika ubao mnene kwa nyuma, akaifunga mota, akavuta waya, akaweka fyuzi. Halafu akang'oa kibao cha katikati, na pale pale akaweka betri.

"Betri inataka kukaa katikati," akaniambia kupitia dirishani, ingawa sikuwa nimeuliza.

Kaka akapita kutusalimu. Akasimama, akaitazama betri.

"Hongera, shemeji. Kazi safi."

"Ndiyo basi tena, shemeji! Hutapiga makasia maisha yako yote!" mume wangu akamwambia, meno yote nje.

"Naona," kaka akasema. Akaaga, hata chai hakunywa. Mume wangu akaendelea kukaza nati huku akipiga mluzi.

Jumamosi kaka akatuma ujumbe kwamba ana mafua. Mume wangu akaenda peke yake, akarudi amelowa mpaka kiunoni. Mota ilikuwa nyuma, yeye mwenyewe nyuma, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuigandamiza boti. Mbele ikainuka, upepo ukaikamata, Kitanda kikazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani hadi kikaingia kwenye matete. Nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Nilijua sasa atamfuata kaka.

Hakumfuata. Alijaza mfuko mchanga, akaufunga mbele ya boti. Na kumbe ulifaa! Jumamosi iliyofuata Kitanda kilikwenda sawasawa, bila kuyumba. Wavuvi wengine wakaubatiza ule mfuko jina la Shemeji. Huyu shemeji, walisema, hali, hanywi, wala habishi. Mume wangu akarudi na samaki tele, akawamwaga kwenye karai, akakaa juu ya ndoo bila kuvua buti.

"Samaki wote hawa, halafu umenuna?" nikamuuliza.

"Nilimwambia lile goli la juzi halikuwa halali."

"Ulimwambia nani?"

"Mfuko."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikaweka chini kisu cha kuparia samaki.

"Ulimuuliza kaka yangu kama anataka kupumzishwa?"

"Kuna cha kuuliza? Nilikuwa nalisikia bega lake likilia kila akivuta kasia. Hiyo mota nimeitafuta kwa ajili yake!"

"Ulimwambia hivyo?"

"Si anajua."

"Anajua umeng'oa kibao chake ukaipa betri, basi! Paani hapandi tena. Sasa na kwenye Kitanda hana pa kukaa, na mfuko wa mchanga umeitwa kwa jina lake. Unadhani hajasikia? Bwawa zima linacheka!"

Mume wangu akaitazama mikono yake, imejaa magamba.

"Mimi nilidhani namtua mzigo," akasema, na machozi yakamlengalenga. Nikamhurumia, ingawa sikuwa nimemaliza kumsema.

Kesho yake akaanza kugonga tena pale uani. Alikuwa na kiti kibovu cha ofisi, amekikata magurudumu. Alipomaliza, akanawa, akaenda mwenyewe kwa kaka. Sijui walisemezana nini njiani. Kwa ninavyowajua, hawakusemezana kitu. Kaka aliingia uani ametia mkono wa kulia mfukoni, kama anavyofanya asipotaka tulione bega.

"Nije kufanya nini, shemeji? Mota unayo, mfuko unao."

"Mfuko nimeumwaga."

Kaka akakizunguka Kitanda polepole. Kile kiti kilikuwa mbele kabisa, ulipokaa mchanga, kimefungwa kwa bolti. Jicho la fundi paa halikosei.

"Umekifunga kinyume," akasema. "Mtu wa mbele anatazama mbele. Hiki kinatazama nyuma."

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Sasa niwe naongea na kisogo chako?" mume wangu akamuuliza.

Kaka akainama, akaitikisa bolti moja kwa kidole.

"Hii imelegea. Lete spana."

Akaikaza mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, taratibu, na mume wangu akajikaza asimsaidie. Kisha akapanda, akakaa. Mume wangu naye akapanda, akakaa nyuma, akashika mkono wa mota. Boti ilikuwa bado juu ya matofali, bila tone la maji chini yake, na wale wanaume wawili wazima wamekaa humo wanatazamana.

"Halafu lile goli la juzi," kaka akasema, na naapa si mimi niliyemwambia, "lilikuwa halali kabisa."

"Halali wapi!" mume wangu akaruka.

Nikafunga dirisha, maana kelele zilizidi, nikalia kidogo juu ya kitambaa cha watu.