Kelele Nilizoziondoa

Mteja wangu aliingia mitini siku ileile nilipomkabidhi kazi yake. Malipo alishatoa mapema, kwa hiyo msinifikirie vibaya, simdai hata senti. Nilichotaka kwake ni neno moja tu: nimepokea. Bila neno hilo mkataba unabaki wazi, na ile tovuti inayotupatia vibarua sisi mafundi wa sauti haikubali mtu awe na mikataba zaidi ya mitatu. Mitatu ninayo. Na kituo kimoja cha redio kilikuwa kimenipa hadi saa nne asubuhi niukubali mkataba wao, kazi ya mwaka mzima, kazi niliyoililia tangu nianze ufundi huu.

Zikipita siku arobaini, fundi anaruhusiwa kuufunga mkataba mwenyewe. Siku hiyo ya redio ilikuwa ya arobaini na moja tangu nikabidhi kazi. Ukifunga, njia ya kuwasiliana na mteja inakatika palepale. Nami nina desturi yangu: nikifunga, nafuta kila kitu cha mteja, hata ile nakala chafu, isiyosafishwa, ya alichoniletea. Siri za watu hazilali kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kanda ya marehemu baba yake. Mzee alijirekodi nusu saa nzima, akizungumza na mwanawe ambaye alikuwa bado yumo tumboni. Kanda ilitafunwa na mashine mara tu baada ya mimi kuinakili, nakala pekee ikabaki kwenye kompyuta yangu. Maagizo ya mteja yalikuwa mstari mmoja: "Ondoa kelele zote, nimsikie baba." Nikaziondoa. Nilimsafisha mzee yule mpaka ungedhani amekaa mbele yako anakunywa chai.

Halafu kimya! Nilimwandikia mara sita. Nilianza kwa adabu, nikaja kwa utani, nikakaza sauti kidogo, na mara ya mwisho nikamtajia siku na saa nitakayofunga na kufuta. Hata ujumbe mmoja hakuufungua. Asante ya punda ni mateke, nikajisemea, na hasira zikanipanda hadi utosini.

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa," alisema mama mdogo, ambaye anakaa nami tangu aache ushonaji. "Labda hukumfurahisha."

"Mama mdogo, kazi ilikuwa safi!"

"Hata nguo safi hurudishwa, mwanangu, kama siyo ile mtu aliyoitaka."

Nikaigeukia kompyuta yangu. Mama mdogo ukimjibu anaongeza.

Ilipofika saa tatu na dakika arobaini nilifungua faili za mteja ili nizifute. Nikaicheza kidogo ile nakala chafu, kuhakikisha sifuti ya mtu mwingine. Mama mdogo alikuwa anapita na kikombe chake. Akasimama.

"Huyo anayeshona ni nani?"

"Hakuna anayeshona. Hizo ni kelele za kanda."

"Ala! Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani, leo unifundishe mlio wake?" Akavuta kiti, akaketi. "Hebu nyamaza usikilize. Mishono mifupi, anageuza, anasimama. Hiyo ni nguo ya mtoto mchanga. Na anakanyaga taratibu asimkatize huyo bwana maneno."

Tukasikiliza. Mzee akafika pale ninapopajua kwa moyo, anaposema: "Mama yako yupo hapa. Hataki kusema." Cherehani ikasimama. Kisha ikaanza tena mbio mbio, kama mtu aliyeona haya. Mama mdogo akacheka peke yake.

Nikaifungua ile safi niliyompelekea mteja. "Mama yako yupo hapa. Hataki kusema." Baada ya hapo, hakuna kitu. Sekunde sita za ukimya mtupu, na siku ile nilijisifia ukimya huo! Nilikuwa nimempa mtoto wa watu ukimya mahali pa mama yake. Niliona aibu hata kumtazama mama mdogo usoni.

Nilijua ujumbe wangu hataufungua. Lakini maneno ya mwanzo huonekana kwenye simu hata usipofungua, kwa hiyo niliandika machache: "Mama yako ninaye. Sijamfuta."

Saa nne kasoro dakika tano. Kimya. Ningefunga, ningeipata redio, na yeye nisingempata tena.

"Saa hiyo inakwenda," mama mdogo akasema kwa upole.

"Naiona."

Saa nne ikafika, ikapita. Jina la redio likatoweka kwenye orodha yangu. Roho iliniuma, siwezi kudanganya, na machozi yakanilengalenga.

Saa nne na dakika kumi na moja akajibu.

"Nisamehe. Niliandika mwenyewe uondoe kelele zote, sasa ningekulaumu kwa lipi? Nilipoisikiliza ile safi ndipo nikajua kilichokuwepo. Nikaogopa kukuuliza, usije ukaniambia umeshafuta. Mama alifariki nikiwa na miezi minne. Hakuna pengine popote anaposikika."

Nikampelekea nakala yote, na kelele zake zote, na maneno ya kuomba radhi ambayo sikuyapanga vizuri. Nikakaa. Nusu saa ikapita, urefu wa kanda yenyewe. Halafu akaandika tena.

"Baba nimemsikia maisha yangu yote. Je, unaweza kumwondoa yeye, abaki mama?"

Nilimsomea mama mdogo. Akaweka kikombe chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Naweza," nilimjibu mteja. Nikavaa hedifoni nikaanza kumtoa mzee, neno baada ya neno, na mama akaendelea kushona.