Cherehani Nyuma ya Kamba

"Aliyetunga huu uzi hajawahi kushona hata kitambaa cha jikoni," mama alimwambia mwongoza wageni, kisha, jamani, akavuka kamba.

Tulikuwa kwenye nyumba ya makumbusho ya ule mji wa kale kando ya mto, mbele ya cherehani iliyowekwa watu waitazame tu. Mwongoza wageni akanitolea macho mimi. Mama hakumngoja mtu. Aliuchomoa uzi, akaupitisha panapostahili, akalamba ncha na kuitia kwenye tundu la sindano mara moja. Bila miwani.

"Haya, sasa hata wewe unaweza kushona," akamwambia.

Wageni wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi jasho lilinitoka. Kaka yangu alikuwa ameniapia kwamba mama haoni tena, kwamba ipo siku atajishona vidole, na cherehani yake alikuwa ameshaitafutia mnunuzi. "Wewe mtoe nyumbani siku moja tu," aliniambia. "Mtembeze. Mengine niachie mimi." Na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nikaenda kukata tiketi mbili za basi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mnunuzi angefika saa nane, nilijua. Simu ilikuwa mfukoni. Ningempigia kaka nimwambie acha, mama anaona kukushinda wewe. Niliishika simu mpaka ikapata joto mkononi, na sikupiga. Nilimwogopa kaka, huo ndio ukweli. Tangu utotoni nilimwogopa, na siku ile nikajidanganya kuwa uoga wangu ni busara.

Badala yake nikamshika mama mkono. Nilimshika kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, nikamshika vichochoroni, nikamshika hata tulipokaa kwenye benchi kutazama maji. Alifurahi mno, masikini.

"Leo umenikumbuka, mwanangu," alisema. "Ila tusichelewe. Gauni la yule bibi harusi bado halijapindwa."

Jioni alifungua mwenyewe mlango wa chumba chake cha kushonea. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya cherehani na vipande vya uzi. Gauni lilikuwa limesokomezwa kwenye mfuko wa plastiki, pale dirishani.

"Pumzika sasa, mama," kaka akasema. "Kazi umefanya ya kutosha."

Mama alinigeukia mimi.

"Kumbe ndiyo maana ulinishika mkono kutwa nzima."

Lile gauni alilimaliza kwa sindano ya mkono, siku tatu, mlango umefungwa. Akaishi miaka sita baada ya hapo. Alinipikia, alitaniana na wanangu, hakuwahi kuitaja safari ile. Lakini siku zake za mwisho, kwenye ngazi za hospitali, nilipomnyooshea mkono, alishika ukuta.