Mmea wa Chumba cha Nyuma

Mimea miwili ilikwisha kufa katika chumba cha nyuma alichopewa mama mkwe, naye alikuwa ametoa hukumu: "Chumba kisichoweza kulea jani hakitaniweza mimi. Wa tatu ukifa, narudi kwangu."

Kwake aliishi peke yake. Mara ya mwisho aliteleza bafuni, akalala sakafuni siku mbili ndipo jirani akamsikia. Mke wa mwanawe ndiye aliyekwenda kumchukua, na alijua vizuri kwamba bibi huyo akisema amesema.

Basi mke huyo akaenda kwenye kitalu cha miche, roho mkononi. Alieleza kwamba dirisha linatazama ukuta wa jirani, jua haliingii hata kwa bahati mbaya. Muuzaji akaipita mimea yenye maua bila kugeuza shingo, akamchagulia mmoja wenye majani marefu, magumu, yaliyosimama wima kama mapanga.

"Huu unavumilia giza, dada. Usichovumilia ni kudekezwa. Maji mara moja kwa wiki tatu, basi."

Masharti hayo akayatangaza nyumbani, na kila mtu akaitikia.

Siku ya kumi na mbili akakuta majani yamelegea chini, yananuka, na kisahani kimejaa maji. Sanduku la mama mkwe lilikuwa wazi kitandani. Damu ikamchemka.

"Mama, unauzamisha makusudi ili upate sababu ya kuondoka?"

Bibi akaendelea kukunja gauni. Mume ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Ni mimi. Nusu kikombe tu kila asubuhi. Niliogopa utakauka."

"Na mimi nikitoka shule," binti yao akasema, machozi yakimlengalenga.

Mke akakaa kitandani kwa aibu. Yeye naye, kila akipiga deki humo, aliudondoshea maji kidogo. Kwa maji hayo hata mpunga ungeomba huruma.

"Mimi sijautia hata tone," mama mkwe akasema. "Nilikuwa nauombea ufe. Sikutaka kuwa mzigo kwenu."

Binti akaangua kilio. Bibi akawatazama mmoja mmoja, muda mrefu. Kisha akalisukuma sanduku pembeni, akainama, akapapasa majani mpaka akapata moja ambalo bado lilikuwa gumu.

"Leteni kisu na udongo mkavu. Hili nikilikata litatoa mizizi."

"Litachukua muda gani, Mama?" mke akauliza.

"Miezi. Na atakayelisogelea na kikombe, ataondoka yeye, si mimi."