Mabenchi Kumi na Mawili ya Mninga

Bibi kizee Amondi, aliyesafiri kutwa nzima kutoka Rorya kuja kumzika mwanawe Owiti, alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Magoti yake yalikaribia kidevu. Wazee wenzake walijipanga juu ya mawe ya kilima cha Mkolani kama kunguru, na akina mama walikuwa wametandika kanga kwenye changarawe. Mzee Luhende aliingia uani, akatoa pole, akatafuta pa kuketi. Hapakuwapo.

"Viti viko wapi?" alimnong'oneza Ojuok, mdogo wa marehemu.

"Tulikwenda kuazima mabenchi hapo kanisani kwenu. Tukaambiwa hayatoki kwa Wasabato." Ojuok alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Sisi tunasali darasani, Mzee. Leo Alhamisi, madawati yana wenyewe."

Hasira ilimpanda Luhende kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kumnyima mfiwa pa kukalia! Kanisa tupu, mabenchi kumi na mawili ya mninga yakikaliwa na mijusi! Na marehemu hakuwa mtu baki. Miaka kumi na minane iliyopita ni Owiti aliyeshika upande wa pili wa msumeno walipopasua mbao za mabenchi hayo. Luhende juu ya gogo, Owiti chini shimoni, unga wa mbao ukimwagikia machoni mwake. Jumamosi Owiti hakugusa msumeno, Jumapili Luhende hakuugusa, na majirani wakawatania kwamba wamekuwa maofisa wa serikali, wenye mapumziko ya siku mbili.

Alimkuta Paskazia, mwenyekiti wa kamati ya kigango, akipepeta mchele barazani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nipe ufunguo wa kanisa."

"Wa nini?"

"Pana kikongwe amekalia ndoo."

Paskazia hakuuacha ungo. "Nimesikia. Lakini kanuni tunayo: mali ya kigango haiendi kwa wasio wetu. Au umesahau? Uliinua mkono tulipoipitisha, Mzee. Tena wa kwanza. Hata sikuwa nimemaliza kusoma."

 Ni kweli Luhende aliinua. Siku ile hakumfikiria Msabato wala Mlokole wala mtu yeyote, alifikiria vanishi. Aliwaona watu wa misiba wakiburuza kazi ya mikono yake, wakiimwagia mchuzi, na mkono ukapanda wenyewe. Alitoka mkutanoni akijiita mlinzi wa mali ya Mungu. Sasa ile hasira iliyokuwa ikitafuta mlango wa kugonga ilirudi ikagonga kwake, na hakuwa na pa kujificha.

"Kila benchi mle lina jasho la Msabato," alisema. "Kama ni najisi, basi tumeketi katika najisi miaka kumi na minane, na padri wetu pamoja nasi!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nitapiga! Tunapeana mikono ya amani kila Jumapili, halafu tunamkalisha mama wa watu kwenye ndoo?"

"Utajibu mbele ya kamati."

"Nitajibu. Nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, kisha nitakuja kwako."

Paskazia alifungua pindo la kanga, akautupa ufunguo juu ya mchele. "Chukua. Tuone utayabeba na nani."

Hilo Luhende hakuwa amelifikiria. Benchi moja hubebwa na watu wawili. Kanisani aliinua ncha moja, nyingine akaiburuza akipanda kuelekea msibani. Miguu ya mninga ililia juu ya changarawe, vanishi ikichubuka, na kila alipotua kupumua aliiona njia nyuma yake ikiwa na mifereji miwili, kana kwamba imelimwa.

Alipofika uani watu waligeuka kumtazama. Hakuna aliyempokea. Aliliweka benchi kando ya ile ndoo. Wanawake wawili wakamwinua Amondi, wakamketisha. Kikongwe alinyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu.

Agutu, mjane wa Owiti, aliinua uso kutoka mkekani. "Shemeji, si mlisema hayatoki?"

"Tulisema. Mimi niliinua mkono."

"Najua. Owiti aliambiwa siku ileile."

"Alicheka?" Luhende aliuliza kwa sauti ya kuomba, maana Owiti alikuwa mtu wa kucheka.

"Hapana."

Agutu alipitisha kidole kwenye mguu wa benchi, pale ulipochubuka hadi mti mtupu ukaonekana.

"Yako mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Umeleta moja."

Luhende akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akaanza kushuka tena. Ilikuwa bado saa nne asubuhi.