Maji Yaliyopita Goti la Korongo

Ijumaa tarehe kumi Oktoba, saa tatu asubuhi, mkurugenzi wa hifadhi alinikuta kwenye mlango wa maji nikipaka gurudumu grisi, akasema mlango ufunguliwe. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Wengine watakwambia kiliharibika Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo iliyopigwa picha. Jumamosi tulivuna tu. Kupanda kulifanyika Ijumaa.

Ziwa letu la Bela Slatina si ziwa la kuogelea. Ni uwanda wa chumvi. Maji huingia kutoka kwenye mfereji mkuu kwa mlango wa chuma, na huo mlango nimeutunza miaka thelathini na mmoja. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kazi ya Oktoba haihitaji shule. Maji yakae chini, basi. Korongo wanakuja kutoka kaskazini kwa maelfu, wanapumzika kwetu wiki mbili tatu, kisha wanaendelea na safari yao ya kusini. Wanalala wamesimama ndani ya maji, ili mbweha akija wamsikie anavyochapa maji. Maji ya kifundo, wanalala. Maji ya goti, wanalala vilevile ila kwa kunung'unika. Yakipita goti, hawatui.

Kipimo alikiweka mke wangu, Smiljka. Alichomeka nguzo ya mshita pale maji yanapoanzia, akachonga alama kwa kisu cha jikoni, kimo cha goti la korongo, akaniambia, "Hapa, Gvozden, na si unywele zaidi." Wasomi walikuja na vipimo vyao vya namba, wakapima, wakasema mama huyu hajakosea. Chini ya alama hiyo kulikuwa na mikwaruzo tisa. Kila mkwaruzo ni mwaka mmoja waliofika wale wawili.

Wale wawili walikuwa korongo wake. Mmoja alikuwa na pete tatu mguu wa kushoto, buluu, nyeupe, buluu, alizovishwa huko walikozaliwa. Mwenzake hakuwa na pete ila alichechemea. Smiljka aliamua kwamba mwenye pete ndiye dume na hakuna aliyembishia. Miaka tisa walitua karibu na nguzo ile ile, kabla au baada ya siku ya Mtakatifu Mikaeli, na miaka tisa alipanda mnara wa kutazamia ndege kabla ya jua akiwa na chupa ya kahawa na darubini yenye jicho moja lililopasuka. Akirudi hasemi habari za asubuhi. Anasema, wamefika.

Alifariki Februari, kwa mapafu. Kituo cha afya cha kijiji kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia na wakubwa wale wale waliotuletea mkurugenzi, au na shemeji zao, maana hapa kwetu wakubwa ni ukoo mmoja. Mji ulikuwa mbali na barabara ilikuwa na barafu. Siku tatu kabla ya kufa aliniambia, nisipokuwepo, wewe simama mnarani. Hakikisha wana pa kusimama. Halafu uje uniambie.

Nikamwambia sawa. Si jambo kubwa kwa mtu kuomba.

Sasa huyu mkurugenzi. Ognjen anaitwa, ana miaka thelathini na nne. Kabla ya kupewa ndege hawa awatunze alikuwa anauza matairi. Chama kilimwona anafaa. Ijumaa hiyo alikuja na viatu vyeupe, akasimama juu ya tuta asije akavichafua, akatazama ziwa kama mtu aliyeuziwa gari bovu.

"Mzee Gvozden," akasema, "kesho nina wageni arobaini na mheshimiwa kutoka wizarani. Ziwa liko wapi? Mimi naona tope."

"Hilo tope ndilo kitanda chao, bosi."

"Mgeni hapigi picha kitanda. Fungua."

Nikamwonyesha nguzo. Nikamweleza alama, nikamweleza mbweha, nikamweleza na kwamba kulijaza ziwa ni kazi ya kutwa moja na kulipunguza ni kazi ya siku tano. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi vile tangu mazishi. Alinisikiliza huku akiangalia simu.

"Korongo wana miguu mirefu kuliko yako, mzee," akasema, akacheka peke yake. Halafu akaitazama nyumba yangu, ile yenye paa la matete mwisho wa tuta, ambamo Smiljka alifia. "Ile nyumba ni ya hifadhi, sivyo? Hatujawahi kuizungumzia."

Basi. Mlango ukafunguliwa. Gurudumu likazunguka mizunguko yake yote, na grisi ile mpya ikalifanya lizunguke bila hata kelele. Saa nne maji yalikuwa yanaingia. Saa nane yaligusa mkwaruzo wa kwanza. Saa kumi na moja jioni nguzo ya Smiljka ilikuwa imebaki kichwa tu, kama kisiki, na ziwa lilikuwa zuri. Nalisema kwa uchungu lakini ni kweli. Lilikuwa zuri kama kadi ya sikukuu.

Walikuja jua likizama. Nilikuwa nimekaa nje na jirani yangu Tima, dereva wa trekta mstaafu, mtu ambaye hajanyamaza tangu abatizwe. Kundi la kwanza likashuka, miguu ikaning'inia, na kwa urefu wa mtu mmoja juu ya maji wakabadili nia, wakapanda. Wakazunguka. Wakashuka tena. Mara tatu. Kundi la pili likafanya hivyo hivyo. Anga yote ikawa kelele tupu.

"Jirani," akasema Tima, "wageni wamekataa hoteli."

Sikucheka. Kelele ikasogea mashariki, ikapungua, ikakaa mahali. Sote wawili tulijua ni wapi: shamba la mahindi la Lazar, lililovunwa juzi, ambapo nyaya kubwa za umeme zinapita katikati. Nilikwenda nikaufunga mlango, nikafungua ule wa kutolea. Maji yakaanza kutoka kidogo kidogo, kama mzee anavyokojoa. Siku tano, nilishasema.

Jumamosi ilikuwa Jumamosi ya marehemu. Kila nyumba ya kijiji huchemsha ngano, huitia sukari na jozi zilizosagwa, huibeba makaburini pamoja na mkate na divai. Mkurugenzi hakujua, au alijua. Ndiyo siku aliyochagua ya kuangalia ndege. Ngano yangu niliichemsha mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ikashika chini ya sufuria. Nikaiweka dirishani, nikaenda mnarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye ngazi. Wageni walijibana juu na darubini zao na makoti yaliyonukia upya wa dukani. Mheshimiwa hakuja. Alituma salamu. Ziwa zima lilikuwa limejazwa kwa ajili ya mtu ambaye wakati huo alikuwa anakoroma. Ognjen akatoa hotuba kwamba maji ni uhai. Ukungu ulipopasuka kidogo tukaona maji, na juu ya maji bata weusi wanne. Watu wakawapiga picha wale bata.

Palikuwa na mama mmoja kutoka Novi Sad, Ljubinka, mwalimu mstaafu, aliyekuja na darubini ya miguu mitatu yenye umri kumshinda mkurugenzi. Alimfahamu Smiljka. Hakupiga picha yoyote. Akauliza mbona maji ni mengi hivi.

"Mvua, mama," akajibu Ognjen.

"Haijanyesha tangu Agosti."

Tima akakohoa kwa muda mrefu mno.

Kisha mwanga ukaja, na tukawasikia. Kutoka mashariki, upande usio wao. Korongo wakiamka wanaitana kwanza, sauti ya chini, kama watu wanaoulizana viatu viko wapi. Halafu wanaruka pamoja. Wageni wote wakageuka, wengine wakitabasamu. Mimi nilishika ukingo wa mnara. Katika ukungu ndege haoni waya. Anaruka chini, anatafuta maji aliyoyaona jana, na waya uko pale pale kimo chake.

Sauti yake si kubwa. Ni kama mtu anayegonga uzi mzito wa gitaa lililolegea. Mlio mmoja. Kisha miwili. Kisha mwanga wa buluu ndani ya ukungu, na mama mmoja kwa upole akauliza kama kuna radi.

Nilishuka ngazi. Kutoka mnarani hadi shamba la Lazar ni mwendo wa nusu saa kwa tuta, na magoti yangu si ya kukimbia. Nyuma yangu nilisikia hatua za Tima, na za yule mwalimu akibeba darubini yake begani kama jembe.

Walikuwa kumi na mmoja chini ya waya. Wengine walishakufa. Wengine walikuwa bado wanajaribu kusimama kwa mguu ambao haupo. Tima alivua kofia. Kazi ya kuwamaliza wale waliokuwa bado hai aliifanya yeye, haraka, kwa mikono, akiomba radhi kila mara. Mimi nilikwenda kutoka mmoja hadi mwingine nikitazama miguu.

Wa saba. Buluu, nyeupe, buluu.

Alikuwa amelala ubavu, bawa moja limefunguka kama mwavuli uliovunjwa na upepo. Alikuwa mwepesi. Sikujua. Miaka yote hiyo niliwaona wakubwa kama watu, na nilipomwinua hakuwa na uzito wa mkate. Nilipoinua macho nikamwona mwenzake, hatua ishirini hivi, ndani ya mabua ya mahindi. Hakuwa ameumia zaidi ya alivyoumia siku zote. Alitembea hatua tatu kuja kwetu, akichechemea, akasimama, akaita. Akangoja. Akaita tena. Juu ya ukungu kundi lilikuwa linampita. Yeye hakuinua hata kichwa.

Ognjen alifika na gari kupitia barabara ya shamba, viatu vyake sasa vimepata rangi ya udongo. Akatazama, akapauka, nami kwa sekunde moja nikadhani huyu naye ni mtoto wa mtu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini nichukue magunia ya mbolea ghalani kwa Lazar, niwakusanye kabla wageni hawajafika na kamera zao. Nilikuwa nimempakata yule ndege.

Aliyemjibu ni Ljubinka. Alisimama mbele yake, mwanamke mfupi, akauliza kama walimu wanavyouliza, bila kupandisha sauti.

"Nani alifungua maji?"

"Ni ukungu, mama. Ajali ya ukungu."

"Sikuuliza ukungu."

Ognjen akanitazama. Mimi nikamtazama Ognjen. Tima alikuwa anaitazama kofia yake. Yule korongo aliita tena kutoka kwenye mabua, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo, maana wageni walikuwa wameanza kutokea kwenye tuta.

Saa nne nilikwenda makaburini. Kijiji kizima kilikuwa pale, mishumaa imewashwa, watu wanapeana ngano vijiko vijiko, watu wanakula na kusema Mungu awarehemu. Nami nikapewa, nikatoa. Waliokula ngano yangu iliyoungua walimeza, ni watu wema. Kisha wakaondoka, nikabaki na Smiljka. Nikamwagia divai. Nikamwambia.

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za muuza matairi na viatu vyake, na chama kilichompa cheo. Nilimwambia mheshimiwa alivyolala. Nilimwambia habari za waliofunga kituo cha afya, wasiotia mchanga barabarani wakati wa barafu, waliopitisha nyaya katikati ya njia ya ndege na wakapewa medali. Nilimtajia mmoja mmoja. Walikuwa wengi, na kila mmoja alistahili. Nilimwambia mzima amebaki yule anayechechemea, yuko kwa Lazar, na kundi limeondoka. Nilimwambia pete ninazo mfukoni. Nilisema hadi mshumaa ukafika udongoni.

Smiljka hakuwa mtu wa kukatiza. Miaka thelathini na minane alikuwa ananiacha nimalize, nimwage nyongo yote, niwalaani wote mpaka wa juu kabisa, na yeye anamenya viazi. Halafu anafuta kisu kwenye aproni na kuuliza swali moja. Nilingoja pale, kofia mkononi, nikijua litakuwa lipi.

Sawa, Gvozden. Hao wote nimewasikia. Lakini lile gurudumu lilizungushwa na mkono wa nani?