Jasho la Chiriku

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, fundi cherehani mmoja alipanda baiskeli isiyokwenda popote. Ilikuwa imefungwa sakafuni katika chumba cha mazoezi ya viungo, na mbele yake palikuwa na balbu iliyowashwa kwa kukanyaga pedali tu. Ajali ilikuwa imemlegeza mguu wa kulia, na bila mguu huo cherehani yake ya kukanyaga ilibaki pambo la nyumba.

"Ukipanda ngazi taratibu au mbio, kazi ni ileile, mama," mtaalamu wa mazoezi alimweleza. "Ila anayekimbia huimaliza upesi zaidi. Hiyo ndiyo nguvu, na balbu itakuonyesha."

Siku hiyo balbu ilitoa wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Jioni alikandwa mguu na mdogo wake, waliyempachika jina Chiriku kwa kuwa hakaukiwi maneno.

"Dada, miguu yangu imekaa bure. Ningeweza, ningekuazima."

"Niazime basi. Ila huo mdomo baki nao!"

Wakacheka hadi machozi.

Kesho yake balbu ilimulika chumba kizima. Mtaalamu alipiga makofi, kisha akamgusa fundi paji la uso, akaacha kutabasamu.

"Hujatoka jasho?"

"Hata tone."

"Haiwezekani. Nishati ya chakula, sehemu ndogo tu ndiyo husukuma pedali. Iliyobaki hugeuka joto. Joto lako limekwenda wapi, mama?"

Nyumbani alimkuta Chiriku sakafuni jikoni, gauni limelowa chepechepe, magoti yakimtetemeka.

"Nimeosha vyombo tu, dada," alisema, akakomba sufuria nzima ya chakula na bado akalalamika njaa.

Kadiri balbu ilivyozidi kung'aa ndivyo Chiriku alivyokonda, na maneno yakamkauka. Fundi alijiambia ni homa. Cherehani ilikuwa ikimngoja.

Hatimaye moyo ulimsuta. Akaenda na Chiriku mazoezini, akamketisha kwenye benchi nyuma yake, akaanza kukanyaga. Katika kioo cha dirisha aliyaona magoti ya mdogo wake yakipanda na kushuka, sambamba na pedali, jasho likimchuruzika.

"Ongeza, dada," Chiriku alihema. "Bado kidogo tu utashona."

Fundi akashuka kama aliyeungua.

"Chukua miguu yako, mdogo wangu. Sikuihitaji kiasi hiki."

Alipopanda tena, balbu ilirudia wekundu wake hafifu, na jasho likamwingia machoni. Akalia kwa furaha.

Sasa anashona kwa mkono, polepole, na Chiriku anaongea bila kituo. Lakini zipo jioni ambapo magoti ya Chiriku huanza kupanda na kushuka yenyewe. Fundi huyashika kwa mikono miwili na kunong'ona: "Nani amepanda baiskeli ile?"

Wewe uliyesoma hapa, mfikishie kila afanyaye mazoezi: akiona kazi inakwenda na jasho halimtoki, ashuke upesi, akamtazame wa nyumbani kwake.